Nani aliinyamazisha ngoma?

Jumamosi moja ya Februari nilikuwa uwanja wa ndege wa Frankfurt, Terminal 1, nikimngoja binti wa dada yangu. Ndege yake ilikuwa imechelewa kwa saa mbili. Nikakutana na mzee mmoja wa Kijerumani niliyewahi kufanya naye kazi ghalani kabla hajastaafu. Na yeye alikuwa amekuja kupokea mgeni. Tukanunua kahawa, tukaongea habari za mgongo, za kodi ya nyumba, za baridi iliyokataa kuisha. Baadaye tukasimama kunyoosha miguu. Tulipofika upande wa ukumbi C akagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili.

"Hapa chini," akasema, "ndipo nilipouacha ujana wangu."

Nilidhani anazungumzia kazi. Kumbe anazungumzia disko. Chini ya miguu yetu, chini ya abiria na masanduku yao, palikuwa na klabu iliyoitwa Dorian Gray, iliyofunguliwa mwaka 1978 na kufungwa mwisho wa mwaka 2000. Alikuwa akishuka kwenye treni ya mjini Jumamosi usiku, anapita katikati ya watu wanaokwenda kupanda ndege, anaingia. Akitoka ni Jumapili, jua limeshapanda, na wasafiri wengine wako kwenye foleni zilezile.

Akatoa simu. Akanipa kisikizi kimoja, kingine akaweka sikioni mwake.

Wimbo ulianza na besi inayokwenda mbio kama farasi asiyechoka. Sauti ya mwanamke ikaja, karibu na kunong'ona. Tukasikiliza tumesimama, wazee wawili katikati ya njia ya watu. Ukafika mahali ngoma ikakatika. Ikabaki sauti pana iliyotanda kama ukungu. Mzee akainua kidole kimoja juu.

"Subiri."

Kidole kikabaki juu. Ukungu ukapanda, ukapanda tena. Kisha kidole kikashuka, na ngoma ikaanguka papo hapo. Hakukosea hata nukta.

Ulikuwa "The Age of Love", ile rimiksi, yaani toleo lililopangwa upya, ya mwaka 1992 iliyofanywa na Jam & Spoon wa hapahapa Frankfurt. Nikamuuliza hao ni akina nani.

"Wawili," akajibu. "Mmoja alikuwa mwanamuziki. Mwingine alikuwa DJ."

Hilo neno la mwisho alilisema kwa upole, bila dharau. Mimi ndiye niliyelisikia kwa dharau, kwa sababu kuna sentensi ya namna hiyo nimekua nayo nyumbani kwetu.

Sentensi hiyo imenikosesha raha kwa wiki sita.

Leso

Baba mdogo wangu alipiga gitaa la solo katika bendi ndogo mjini Tanga, miaka ya themanini. Jina la bendi nitaliacha. Alikuwa na mwenzake, fundi mitambo, mtu wa maneno machache, ambaye ndiye aliyebeba spika, aliyefunga nyaya, aliyeweka sawa sauti. Lakini kazi hiyo akiimaliza mapema hakuwa akikaa kwenye mitambo. Alikwenda kusimama karibu na mlango wa ukumbi, mgongo ukutani, akawatazama watu.

Mkononi alikuwa na leso nyeupe.

Wanaojua muziki wa dansi wanajua wimbo ulivyopangwa: unaanza taratibu, mashairi yanaimbwa, kisha linakuja chemko, gitaa linapanda na watu wanaacha viti. Bendi nyingi zilikuwa na mahali pake pa kuingia kwenye chemko, mazoezini wamekubaliana. Bendi ya baba mdogo ilimtazama yule mtu wa mlangoni. Akiinua leso, ngoma zinanyamaza, linabaki gitaa peke yake. Akiishusha, wote wanaingia. Usiku mmoja aliishusha baada ya muda mfupi tu. Usiku mwingine aliishikilia juu mpaka watu wakaanza kupiga kelele wenyewe.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Nilikuwa mtoto, nimekalishwa juu ya kreti la soda nyuma ya jukwaa.

Ilipofika siku ya kurekodi, kwenye karatasi ya watunzi likaandikwa jina moja. La baba mdogo. Mwenzake akauliza, akajibiwa, akachukua nyaya zake akaondoka. Hawakusalimiana tena. Na nyumbani kwetu habari yake ilifungwa kwa maneno ambayo mimi pia nimeyatamka, nikiwa mtu mzima, mbele ya wageni: "Yule hakupiga hata uzi mmoja."

Kijiko

Nilipoanza kuwasoma Jam & Spoon nilikuwa natafuta kitu cha kuniambia kwamba tulikuwa sahihi.

Na mwanzoni nilikipata. Jam ni Rolf Ellmer, anayejiita Jam El Mar: mtu aliyefundishwa muziki wa kiorkestra, anayesoma nota, anayepiga gitaa na vinanda. Spoon ni Markus Löffel, au Mark Spoon. Löffel kwa Kijerumani ni kijiko, kwa hiyo jina la jukwaani alilitoa kwenye ukoo wake. Huyu alikuwa DJ. Mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti, anayeonekana. Nikasema: ndiyo haya. Mmoja anatunga, mwingine anapigwa picha.

Kisha nikafika kwenye "Right in the Night", wimbo wao wa mwaka 1993 ulioimbwa na Plavka, uliowatoa kwenye klabu ukawapeleka redioni Ulaya nzima. Sekunde chache za gitaa zikanisimamisha. Nilikuwa nalijua lile gitaa. Kila anayejifunza gitaa la Kihispania siku moja huahidiwa kuupiga wimbo ule, vidole vikirudi kwenye uzi uleule, tena na tena, huku besi ikitembea chini yake.

Ni Isaac Albéniz, mtunzi wa Hispania. Na historia ya kipande hicho ni ndefu kuliko nilivyodhani. Albéniz hakukiandika kwa gitaa. Alikiandika kwa piano, katika miaka ya 1890, akiifanya piano iige gitaa la Andalusia. Alifariki mwaka 1909. Mwaka 1911 mchapishaji wa Kijerumani alikitia ndani ya mkusanyiko na kukiita "Asturias", jina la mkoa wa kaskazini usiohusiana na muziki ule. Baadaye wapiga gitaa wakakihamisha kwenye gitaa, mahali ambapo kama vile kilikuwa kinangojwa. Halafu miaka ya tisini, Frankfurt, kikaingia kwenye mashine.

Piano inayoiga gitaa, gitaa linalochukua haki yake, mashine inayochukua zamu. Nilipenda sana ugunduzi huo. Nikauweka upande wa Jam kwenye hesabu zangu. Nani angemjua Albéniz kama si yule mwenye shule?

Nikafunga kompyuta nikalala. Usingizi haukuja.

Kilichoongezwa

Kwa sababu lilibaki jambo la kidole.

Kidole cha yule mzee hakikuinuka kwa Albéniz. Kiliinuka kwa kimya. Basi nikarudi kwenye "The Age of Love" yenyewe nikafanya kazi ambayo ningeifanya tangu mwanzo: kusikiliza ule wa asili, uliotolewa Ubelgiji mwaka 1990, kisha rimiksi ya 1992, mmoja baada ya mwingine, usiku kucha.

Nilitegemea kukuta Jam ameandika wimbo mpya juu ya ule wa zamani. Sikukuta hivyo. Besi inayokimbia ilikuwepo tangu awali. Sauti ya mwanamke ilikuwepo. Kama ningepewa karatasi niandike vitu vipya vilivyoingia, ningeandika vichache. Na bado ule wa kwanza ni wimbo mzuri wa disko, na huu wa pili ndio uliomfanya mstaafu asimame ukumbini na kidole juu baada ya miaka zaidi ya thelathini.

Ulioongezwa ni muda.

Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Rimiksi inakaribia dakika saba na haina haraka. Kitu kinaingia, kinaachwa peke yake mpaka sikio limezoea, ndipo kingine kinaletwa. Kitu kinaondolewa kabla hujakichoka. Dundo la chini linapiga nne kwa nne, zaidi ya mara 130 kwa dakika, mpaka mwili unasahau kwamba linapiga. Na hapo ndipo linatolewa, na mwili unagundua kwa mara ya kwanza kwamba ulikuwa umelibebesha uzito wako wote. Ukiliondoa mapema, hakuna anayejali. Ukichelewa, watu wameshakwenda kununua maji.

Huwezi kuliandika hilo kwa nota. Kwenye karatasi ni mistari mitupu, kimya cha vipimo kadhaa.

Mtu anajifunza wapi kuhesabu kimya?

Chini ya uwanja

Hapo nikalazimika kurudi kule chini, kwenye ile sakafu iliyogongwa kwa kisigino.

Dorian Gray haikuwa inabanwa na saa ya kufunga kama klabu za mjini, kwa kuwa uwanja wa ndege haulali. Spika zake zilijengwa na Richard Long, Mmarekani yuleyule aliyeijengea klabu ya Paradise Garage ya New York. DJ Talla 2XLC, aliyeuza santuri kwenye duka la stesheni kuu ya Frankfurt na kuzipanga zile za kielektroniki chini ya neno "tekno", alianzisha usiku wake wa Technoclub mwaka 1984, na baadaye akauhamishia pale uwanjani. Mjini DJ Sven Väth alikuwa na klabu ya Omen, tangu 1988. Ilipofungwa Oktoba 1998 watu walikuwa wengi mno hata wakacheza nje barabarani.

Hayo ni ya kihistoria. Lililonigusa ni dogo zaidi. DJ aliyekaa nyuma ya mashine kutoka usiku wa manane mpaka mchana wa Jumapili, wiki baada ya wiki, ameona mamia ya watu wakichoka, wakiamka, wakikata tamaa na wimbo, wakirudi. Ameona ni dakika ya ngapi mabega yanashuka. Ameona kwamba watu huvumilia kimya kirefu zaidi saa kumi na moja alfajiri kuliko saa sita usiku. Wakati mwanafunzi wa muziki alipokuwa akijifunza kwa mwalimu wake, huyu naye alikuwa darasani, na mwalimu wake alikuwa na miguu elfu mbili.

Sikuwa nimewahi kuliona kama darasa.

Mtu mmoja, jozi mbili

Hata hivyo shaka haikuondoka. Labda Jam naye alikuwa akienda kucheza. Labda aliyajua yote mawili. Kilichonigeuza kilikuwa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote.

Jam El Mar alikuwa na jozi mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya Spoon na sambamba naye, alikuwa na Dag Lerner, DJ Dag, aliyekuwa akipiga palepale Dorian Gray. Wawili hao walijiita Dance 2 Trance, na ukitaka kujua lini neno transi (trance) lilibandikwa kwenye muziki huu, jina lao ni mahali pazuri pa kuanzia. "We Came in Peace" ni ya mwanzo kabisa wa miaka ya tisini, na "Power of American Natives" ikaja kuwa wimbo wa chati. Studio, vidole, elimu: mtu yuleyule. Kama muziki wote ungekuwa wa Jam, jozi hizo mbili zingetoa sauti moja.

Hazitoi. Zisikilize zote mbili jioni moja. Dance 2 Trance ina kiza ndani yake, inatembea kama mtu aliye kwenye ibada, inapenda kurudia kitu mpaka kikugeuze. Jam & Spoon ina upana na mwanga; mwaka huohuo wa 1992 walitoa "Stella" kwa lebo ya R&S ya Ghent, na hakuna mtu mwenye masikio atakayeichanganya na kazi za Dag. Mwaka 1993 walitoa albamu mbili kwa pamoja, "Tripomatic Fairytales 2001" na "2002", kana kwamba moja isingewatosha.

Vidole ni vilevile. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili.

Nikaangalia Berlin, nikakuta mpango uleule. Visions of Shiva, waliotoa "Perfect Day" mwaka 1992 kwa lebo ya MFS, walikuwa Cosmic Baby, aliyefundishwa piano tangu utotoni, na Paul van Dyk, kijana wa Ujerumani Mashariki aliyekulia kwenye redio za upande wa pili wa ukuta na kuanza kupiga santuri klabuni baada ya ukuta kuanguka. Mwenye nota na mwenye ukumbi. Frankfurt na Berlin zilikuwa zikishindana kwa kila kitu, na bado zilifika kwenye mlango mmoja bila kuambizana.

Sisemi kila jozi ilikuwa hivyo. Hardfloor wa Düsseldorf, waliotoa "Acperience" mwaka huohuo kwa lebo ya Harthouse, wote wawili walikuwa watu wa mashine, na wakaifanya ile mashine ndogo ya besi, Roland TB-303, iliyoachwa kutengenezwa mwaka 1984 ilie kama kiumbe hai. Lakini kwa Jam & Spoon sina tena pa kujificha. Kiti cha pili hakikuwa cha mapambo.

Januari 2006

Mark Spoon alifariki Berlin tarehe 11 Januari 2006, kwa mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 39.

Albamu yao ya mwisho ya pamoja, "Tripomatic Fairytales 3003", ilikuwa ya 2004. Baada ya kifo Jam aliendelea kufanya kazi, na akasimama mwenyewe nyuma ya mashine za DJ, akitazamana na watu. Nimekaa na hilo kwa siku nyingi. Mwenye nota alikwenda kusimama mahali pa mwenye ukumbi. Ninavyoona mimi, hakuna ushahidi mkubwa zaidi kwamba pale palikuwa na kitu cha kujua.

Na wimbo ule haujazeeka. Mwaka 2021 ma-DJ Charlotte de Witte na Enrico Sangiuliano waliutengeneza upya, na binti wa dada yangu, aliyezaliwa wakati Dorian Gray imeshafungwa, anaujua kwa toleo hilo. Nilipompigia ule wa 1992 nyumbani, alisikiliza amesimama jikoni na kijiko cha chai mkononi. Ngoma ilipokatika, mkono wake ukasita juu ya kikombe. Haukukoroga tena mpaka ngoma iliporudi.

Hakujua kwamba amefanya hivyo. Nilimtazama kutoka mlangoni, mgongo ukutani.

Ujumbe wa sauti

Baba mdogo sasa ana miaka sabini na minne. Vidole vimekakamaa, gitaa liko ukutani. Nilimtumia wimbo kwa Wasapu bila maelezo, nikamwambia tu ausikilize wote, asiukate.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu nikapiga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ule muziki nimeusikiliza."

"Umeuonaje?"

"Nimeusikiliza mara tatu." Nikasikia bodaboda ikipita karibu naye, kisha kuku. "Huyo wa kinanda anajua kazi. Hana haraka. Lakini pale katikati, ngoma inaponyamaza."

"Ndiyo."

"Nani aliinyamazisha?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwamo. Nikamwambia ukweli: "Sijui, baba mdogo. Walikuwa wawili."

Akakaa kimya muda mrefu hata nikatazama simu kama bado ipo hewani.

"Nasikia mtoto wake mkubwa yuko Muheza," akasema. Hakumtaja jina, wala mimi sikuuliza ni nani. "Wewe una watu huko. Nitafutie namba."